Sinia la Bi Mardhiya

Kule Kiwangwa ukiuliza nyumba ya Bi Mardhiya utaonyeshwa, na atakayekuonyesha atakuongezea na neno: ukifika saa ya kula, hutoki na njaa. Ndiyo sifa yake hiyo, wala hakuitafuta. Aliolewa angali binti mdogo, akalima mihogo na mananasi pamoja na mumewe, akazaa, akazika, mume naye akatangulia mbele ya haki. Lakini lile sinia alilotoka nalo kwao halikuwahi kuliwa na mtu mmoja. Watoto wanalizunguka, wanapiga bismillahi, mikono inaingia pamoja. Aliyechelewa anasogezewa nafasi, na mpita njia anakaribishwa. Chakula cha wawili huwatosha watatu. Hayo alifundishwa kwenye chuo cha Kurani tangu anang'oka meno ya utoto, na ndivyo alivyoishi.

Bintiye Ashatu alipofariki, aliacha watoto watatu. Bi Mardhiya aliwachukua wote, akawaketisha kwenye sinia lile lile pamoja na Esha, mjukuu wake mwingine wa miaka miwili na ushee. Esha ni mtoto wa mwanawe Hamidu. Hamidu yuko Bagamoyo mjini, anakaanga samaki sokoni, na huja nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa. Mkewe Adila anakaa na mkwewe, wanalima pamoja, na watu husema wameelewana kama mtu na mamaye.

Esha alikuwa mtoto mtulivu. Hakugombania chakula wala hakulia akinyang'anywa. Bibi yake akimsifu, akisema huyu Mungu kamjaalia kinaa, hana tamaa ya dunia. Nywele zake zilipoanza kupauka na kuwa nyepesi kama ndevu za muhindi, wakasema ni jua. Alipoacha kukimbiza kuku, wakasema anakua, anashika adabu.

Ndipo akaja Mwanahija. Huyu ni jirani yao, lakini siku hizi ni mhudumu wa afya wa kitongoji. Serikali imewafundisha wanawake kama yeye wapite nyumba kwa nyumba, wawaangalie wajawazito na watoto wadogo, kwa sababu utapiamlo umekuwa mwingi. Ana utepe wa kuzungusha mkononi mwa mtoto: kijani ni salama, manjano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Alimvisha Esha, ukasimama kwenye nyekundu. Akauvua, akauvisha tena, kama mtu anayetumai jicho limemdanganya. Ukasimama pale pale.

Siku ya pili walikuwa zahanati. Nesi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukata, alimpa Esha kipakiti aonje, na Esha akakifyonza mpaka kikanywea. Wakapewa vingine vya kwenda navyo. Ndani yake mna rojo la karanga, maziwa na mafuta. Wenyewe wanakiita chakula dawa. Nesi alisema mara mbili, akimtazama Adila: hii ni dawa ya mtoto huyu peke yake.

Jioni ile Adila aliketi kizingitini, akafungua kipakiti. Harufu ya karanga ikatoka. Wale watoto watatu wa marehemu wakaja mmoja mmoja, wakasimama. Hawakuomba, walifunzwa wasiombe. Walisimama tu wakatazama.

Bi Mardhiya alikuwa anachambua mchicha. Akaona yatima watatu wamesimama mbele ya mtoto mwenye mama, anayelishwa kitu kitamu. Akainuka, akakitwaa kipakiti mkononi mwa mkwewe.

"Mama, nesi kasema ni dawa," Adila akasema pole pole.

"Nimesikia, mwanangu. Lakini mbele ya yatima, nitakwenda kumwambia nini Mola wangu?"

Akawaminyia wote wanne, kila mmoja tonge lake, sawasawa, na Esha akalamba kidogo chake akanyamaza. Ikawa ndiyo desturi. Kila kipakiti kilifunguliwa na Bi Mardhiya, kikaliwa na wanne, na moyo wake ukatulia kwamba hajamdhulumu mtu. Adila hakusema tena. Mke wa mtu hashindani na mkwewe nyumbani kwake, na huyu hakuwa mkwe mbaya.

Walipoitwa tena kupimwa, Bi Mardhiya alifuatana na Adila, na baraza la zahanati lilikuwa limejaa kina mama. Esha akatundikwa kwenye mzani. Nesi akatazama, akatazama kadi, uso ukabadilika. Mtoto alikuwa amepungua.

"Wewe dada, vile vipakiti umempelekea nani? Umeuza?"

Baraza lote likasikia. Nyuma mmoja akasema kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana, kwamba ndiyo maana siku hizi Adila ana kanga mpya. Mwingine akacheka puani. Adila aliinamisha kichwa, akamfunga Esha vizuri mgongoni, machozi yanadondoka juu ya vidole vyake. Hakumtazama mkwewe hata kwa pembe ya jicho. Nesi akaendelea kusema kwamba Esha akishuka tena atamwandikia akalazwe hospitali Bagamoyo, na akipatwa na homa katika hali hii, anaweza asifike huko.

Bi Mardhiya akasogea mbele. Alijua neno moja tu lingemtoa mtoto wa watu kwenye aibu ile, na neno hilo lilikuwa lake.

"Huyu hajauza kitu," akasema, na baraza likageuka. "Mimi ndiye niliyegawa. Nina yatima watatu. Sikuweza kumlisha mmoja, wengine wakala kwa macho."

Aliyecheka puani akaacha. Nesi akaweka kadi chini, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Bibi, hao watatu tutawapima. Kama na wao ni wagonjwa watapata vyao. Lakini huyu anakuponyoka mkononi."

Walipimwa siku hiyo hiyo, Mwanahija akawafuata nyumbani na utepe wake. Kijani, kijani, kijani. Bi Mardhiya alishukuru, lakini hapo hapo akaona kinachofuata: basi hawatapewa.

Mwanahija alipoaga alimvuta pembeni, akamwambia leo wakila, bibi, usiangalie sinia, angalia mkono wa Esha.

Usiku ulikuwa haujaingia. Adila akapakua ugali na kisamvu, watoto wakazunguka, bismillahi, mikono ikaingia. Bi Mardhiya akatazama mkono mmoja tu. Uliingia mdogo, ukakuta mkubwa umeshapita, ukatoka na chembe. Ukaingia tena, ukatoka mtupu, nao ukapelekwa mdomoni vile vile, ukanyonywa. Hakuna aliyemnyang'anya. Wenzake walikula haki yao, haraka haraka kama watoto walavyo. Sinia likaisha. Esha akasema alhamdulillahi yake ya kitoto, akanawishwa.

Kinaa. Ndiyo ile kinaa aliyokuwa akiisifu.

Asubuhi Bi Mardhiya alimwekea Esha bakuli lake la uji. Jirani aliyepita akamtania kuwa siku hizi kwa Bi Mardhiya kila mtu na chombo chake, kama hotelini. Bi Mardhiya akaendelea kukoroga uji. Kisha akachukua kipakiti, akamwingiza Esha chumbani, akarudisha mlango. Mtoto mkubwa wa marehemu Ashatu, Farhan, alikuwa ukumbini.

"Bibi, sisi tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu, baba. Mwenzenu anaumwa." Akafunga mlango, na mkono wake juu ya komeo ulikuwa mzito kama amewafungia kaburini.

Akakipasua kipakiti, akakipeleka mdomoni mwa mtoto. Esha akaufumba mdomo. Akakisukuma kwa kidole kuelekea kwa bibi yake.

"Kabu, bibi."

Karibu. Alifunzwa hivyo tangu hajatembea: hakuna kula mbele ya mtu bila kumkaribisha, na aliyekaribishwa asipoonja, chakula hakiliwi. Bi Mardhiya akamwambia kula wewe, mama. Esha akatikisa kichwa. "Kabu." Akazidi kukisogeza kipakiti kwa bibi yake, wala hakukilamba.

"Nimefunga, mjukuu wangu," bibi akasema.

Neno hilo Esha alilijua. Aliyefunga halazimishwi. Akakirudisha kipakiti mdomoni, akaanza kufyonza.

Ilikuwa Jumatano, na Bi Mardhiya alikuwa amekunywa chai alfajiri. Alikaa pale ukingoni mwa kitanda, anamsikiliza mtoto anavyomeza, na nje anamsikia Farhan akiwaambia wadogo zake waondoke mlangoni, Esha anakunywa dawa. Alimwomba Mungu amsamehe uongo ule na mlango ule, hakujua upi mzito zaidi.

Kesho yake alifunga kweli. Na siku iliyofuata pia. Adila alimuuliza anafunga ya nini, naye akasema ni ya kulipa. Utepe bado unasoma nyekundu, Mwanahija anasema ni mapema. Kila asubuhi mlango unarudishwa, Esha anamkaribisha bibi yake, na bibi anajibu neno ambalo sasa si uongo.