Mkate wa Aliyesema La

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu jinsi mbunge wetu alivyopiga kura: ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka chini. Mimi nikasikia harufu ya mkate wa sinia.

Ilikuwa Likoni, enzi za Mwingereza, nami mtoto, alasiri ile jirani yetu, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, aliporudi kutoka Nairobi kwa gari la moshi. Mamake, Bi Zuhura, alikuwa akipalia makaa juu ya mkate, iliki ikinukia mpaka uani kwetu, ikanivuta nikaketi kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile sheria ya kututoa mashambani, ulisemaje?"

"Nilisema la."

"Na wenzio?"

"Wote walisema ndiyo. Imepita."

Bi Zuhura aliuepua mkate, akamkatia pande la katikati, lile nililokuwa nikilitolea macho. "Kula, mwanangu. Umetusemea."

Niliona ajabu. Mtu asafiri usiku kucha akaseme neno moja, tena lisifae kitu! Hata mimi ningeweza. Jioni mama aliponituma maji, nikamjibu, "La." Kofi lake lilinifunza uzito wa neno lile.

Nilimrudishia mjukuu simu yake. Huyu wetu wa sasa akirudi nyumbani, mamake humkatia nini?