Rimoti Niliyomchagulia Mjomba

Ni mimi. Naanza na neno hilo kwa sababu nimelikwepa muda mrefu. Lori la mjomba lilivunjika kwa kosa langu, kisha mbele ya ukoo mzima nikasema kosa ni la mtu mwingine. Mtu huyo ni binamu yangu. Nitamwita Zuhura, ingawa si jina lake.

Msinionee huruma. Nisomeni tu.

Mimi ni kijana wa Mtwara, naishi na mama yangu Naliendele. Nimemaliza chuo kikuu, nimerudi nyumbani, nasubiri ajira huku nabishana na watu. Mtu akisema dawa fulani inatibu, nauliza nani kaipima. Ustadhi akisema jambo, nauliza limeandikwa wapi. Mama husema siku ya kaburini nitawadai malaika vitambulisho.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa dereva wa lori. Miaka na miaka alibeba korosho kutoka Nanyamba kuja mjini, barabara ikiwa mchanga mtupu, na watu walikuwa wakimtambua kwa honi tu. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ukarudi kidogo, akawa anatembea kwa fimbo. Mkono haukurudi.

Sasa mjue jambo moja kuhusu nyumba yetu: mkono ule hautajwi. Tunasema "mjomba amechoka kidogo". Yeye huuficha kwenye mkunjo wa msuli anaojifunga kiunoni, nasi tunatazama pembeni. Aliyethubutu kuutaja ni Zuhura peke yake, binti yake aliyekuwa akimwogesha na kumlisha, na hata yeye aliutaja kwangu tu, kwa utani. Kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Tangu utotoni mimi na Zuhura hatujawahi kusemezana bila kutukanana.

Baada ya kuumwa, mjomba alianza kuchonga. Alibana kipande cha mbao kwa magoti, akashika kisu kwa mkono wa kushoto, akalitengeneza upya lori lake la zamani, dogo la kukaa juu ya meza. Kichwa chenye milango inayofunguka. Bodi la mbao. Turubai. Vigunia vya korosho alivyoshona Zuhura. Hata mkwaruzo alioupata zamani kwenye geti la ghala aliuweka pale pale ulipokuwa!

Lilipokamilika akaniita nyumbani kwao, Mtawanya.

"Mpwa wangu, wewe umesoma. Nataka litembee. Lipite kwenye mchanga, lipande tuta, lishuke taratibu kama lori lenye mzigo. Sitaki mbio za magari ya watoto. Na dereva ni mimi mwenyewe."

Dereva ni mimi mwenyewe! Alilisema wazi kabisa. Masikio yangu yalikuwa wapi?

Nikaanza kuchagua vifaa vya kuagiza Dar, na hapo ubishi wangu ukapata kazi. Mota nyingi zilisifiwa kwa kasi. Nikauliza, lori la korosho lina haraka gani? Nikachukua mota ya mwendo wa pole yenye nguvu. Kidhibiti cha mwendo kilitangazwa kwamba hakiharibiki kwa maji. Maji yapi, ya bomba au ya chumvi? Kilipofika nikachota maji ya bahari kwenye ndoo, nikakizamisha, nikakikausha, nikakizamisha tena. Kikapona. Ile mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele niliifungia jiwe kuona kama itaelemewa. Tangazo la muuzaji kwangu halikuwa na thamani mpaka nithibitishe mwenyewe.

Ikabaki rimoti.

Zuhura alikuwa mkekani anamenya mihogo. Nikamwonyesha picha mbili kwenye simu. Rimoti ya kwanza ilikuwa na umbo la bastola: mkono mmoja unaishika na kuvuta kifyatulio cha mwendo, mkono wa pili unazungusha gurudumu dogo la usukani ubavuni. Ya pili ilikuwa kisanduku chenye kijiti kimoja. Unakiweka hata mapajani, unakisukuma kwa kidole gumba mbele, nyuma, kushoto, kulia, basi.

"Hii ya kijiti ndiyo ya baba," akasema.

"Hiyo ya chekechea. Mwendo na usukani kwenye kidole kimoja? Kila ukikata kona mwendo unayumba. Haina usahihi."

"Msomi, kwani baba yangu ana mikono mingapi?"

"Miwili. Wewe ndiye una miwili isiyojua kumenya muhogo."

"Haya, hiyo bastola yako atazungushia meno."

"Atazungushia ulimi wako, urefu unatosha."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia dirishani. Wallahi, tulicheka!

Nimeyarudia mazungumzo yale kichwani mpaka nimechoka. Zuhura alikuwa ananiambia ukweli kwa njia pekee inayoruhusiwa katika nyumba ile. Nami nikamjibu tusi kwa tusi, kama mtani hodari. Mimi ninayehoji kila kitu! Nilihoji maji, nikahoji mota, nikahoji watengenezaji ambao sitawaona maisha yangu yote. Binamu yangu ananiuliza swali la maana, mimi nacheka.

Nikaagiza bastola.

Nilifunga kila kitu, nikalipeleka lori kwenye matope karibu na mikoko kulijaribu. Nililijaribu kwa mikono yangu miwili mizima. Lilipanda mizizi, likavuka dimbwi, likashuka ukingo kwa adabu kama lina tani saba mgongoni. Nikajiona fundi. Mjomba sikumpa ajaribu, kwa sababu nilitaka iwe zawadi ya Idd, mbele ya watu.

Shamba letu la ukoo liko upande wa Kilambo, ardhi inapoanza kuinamia Mto Ruvuma. Tulikusanyika huko. Usiku wa kuamkia siku hiyo betri ililala kwa Zuhura, mjomba alimpa kazi ya kuichaji. Pilau ikaliwa, kisha mjomba akawekewa kiti uwanjani, kanzu mpya, mkono wa kulia umelala ndani ya kanzu. Nikampa rimoti kwenye mkono wa kushoto. Akaigeuzageuza. Akanitazama.

Ningemwelewa hapo hapo kama ningetaka. Lakini watu walishaanza kupiga makofi.

Akavuta kifyatulio. Lori likaondoka, taratibu, na vigunia vyake, na turubai lake. Vigelegele! "Dereva! Dereva wetu!" Mjomba akatabasamu. Mbele kulikuwa na mkorosho, na njia ilikuwa inakata kushoto.

"Kata kona, dereva!" wajukuu wakapiga kelele. "Babu, kona! Kona!"

Akajaribu kuliegemeza lile gurudumu la usukani kwenye goti. Likateleza. Angeachia kifyatulio lori lingesimama, lakini dereva gani anasimama katikati ya barabara watu wakimshangilia? Nikaona kanzu inatikisika. Mkono wa kulia ulijaribu kuinuka, ukafika usawa wa tumbo, ukaanguka. Kila mtu aliuona.

Lori likagonga shina. Kichwa kikang'oka, milango ikatawanyika mchangani.

"Imekuwaje?" mjomba akauliza, sauti ndogo, akinitazama mimi.

Nikasema: "Ni betri, mjomba. Nguvu imeisha, usukani haukuitika. Zuhura hakuichaji vizuri."

Uongo wenye sayansi ndani yake! Ni kweli betri ikichoka usukani hulegea. Nilijua hivyo, nikajifunika nao.

Nikamwona mjomba anashusha pumzi. Kumbe si mkono, ni betri. Ndugu wote wakashusha pumzi naye. Zuhura alikuwa amesimama na sinia la sahani chafu. Nilingoja anitukane, na nilistahili. Akasema tu, "Nisamehe, baba."

"Kazi moja nilikupa," mjomba akamwambia mbele ya watu. "Moja tu!"

Haikuishia hapo. Mjomba alikataa kurudi Mtawanya. Alisema mtu asiyeweza kuangalia betri hawezi kuangalia mgonjwa. Akahamia kwetu Naliendele, kwa dada yake. Nguo zake zikaja kwenye begi, lori lililovunjika likaja kwenye boksi. Akija mgeni, mjomba ananinyooshea kidole: "Huyu ndiye aliyesema kweli siku ile. Wengine walinyamaza." Nami naitikia kwa kichwa!

Nikaenda kwa Zuhura. Kwa mara ya kwanza maishani niliingia kwake bila tusi.

"Nataka kumwambia baba yako ukweli."

"Ukweli upi? Kwamba betri ilikuwa imejaa? Niliichaji mwenyewe, taa ikawaka kijani. Ulidhani sijui?"

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ulitaka niseme nini? Baba, betri nzima, kibovu ni mkono wako? Mbele ya wajukuu?" Akapangusa meza iliyokuwa safi tayari. "Wewe ukiungama utapata usingizi. Yeye atapata nini?"

Nilitoka nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mjomba, nikaikasirikia heshima hii yetu inayomlinda mzee kwa kumnyang'anya mtoto wake. Huo ni ulinzi gani? Nani aliupima akaona unafanya kazi? Halafu nikakumbuka ni nani aliyeusema ule uongo, na sikubaki na wa kumlaumu.

Nikaagiza rimoti ya kijiti. Ndiyo, ile ile ya chekechea. Kichwa cha lori nikakiunga kwa gundi, milango nikairudisha. Alasiri moja nikaliweka lori uwanjani, kisanduku nikakiweka mapajani kwa mjomba. Sikueleza chochote. Niliogopa nikifungua mdomo nitadanganya tena.

Akaweka kidole gumba. Lori likaenda. Akakata kushoto, likakata. Akalizungusha kwenye ndoo ya maji, akalipitisha kati ya matofali, kuku wa mama wakakimbia, akacheka! Tangu Idd nilikuwa sijamsikia akicheka.

Kisha akaacha kucheka. Akakitazama kile kijiti. Mtu aliyeishi na magari hadanganyiki mara mbili.

"Betri ni ile ile?"

"Ndiyo, mjomba."

"Siku ile ilikuwa imejaa?"

"Ilikuwa imejaa."

"Na hii rimoti, siku ile haikuwepo?"

"Ilikuwepo dukani. Zuhura alikuchagulia hii. Mimi ndiye niliyekataa. Nikaona aibu, nikamsingizia."

Hakunifokea. Natamani angenifokea! Kwa mkono wa kushoto akautoa mkono wa kulia kwenye msuli, akaulaza juu ya meza, mbele yangu, wazi. "Mwambie mama yako anifungashie nguo," akasema. Jua halikuzama kabla hajafika kwa binti yake.

Kwa hiyo yamekwisha salama, mtasema. Kwao ndiyo. Nasikia kila alasiri analiendesha lori barabarani mbele ya nyumba, mkono wake uko nje, na Zuhura anamkosoa akikata kona vibaya. Nafurahi. Nasema kweli, nafurahi.

Lakini nikienda pale na kusema "Shikamoo, mjomba", haitikii. Anatazama barabara. Nimezoea kujibiwa marahaba na mtu yule tangu nilipojifunza kusema. Mama ananiambia nivumilie. Siku hizi hata yeye hanitanii tena habari za malaika.

Na Zuhura? Nilimpigia simu juzi. Nikaanza kama zamani: "We kikongwe, bado unapumua tu?" Nikasubiri anipasue.

"Sijambo, kaka," akajibu. "Nashukuru kwa kunijulia hali. Shangazi hajambo?"

Kaka! Aliniita kaka! Akaniuliza kama nina shida yoyote, akanitakia siku njema, akakata simu kwa adabu zote.

Ndugu msomaji, ukipewa kazi ya kumchagulia mtu kifaa, kabla hujapima kifaa mwangalie atakayekishika, na kama kuna jambo lake lisilotajwa, hilo ndilo uanze nalo. Usimtupie mwenzako kosa lako, hata kama uongo huo unampumzisha mtu mzima. Na kama umeshamkosea mtani wako, nenda leo, angali anakutukana. Akishaanza kukuheshimu, umechelewa.