Kura Aliyoshindwa Mungu

Baba yangu alikufa akiwa na miadi na Mungu. Alikuwa amemwambia padri kwamba atabatizwa samaki wa mukeke wakipungua, maana mvuvi hawezi kukaa anakariri katekisimu na samaki wanapita. Mwaka ule mukeke hawakupungua. Walizidi, mpaka paka wa Kalundu, bandarini kwetu, wakaanza kuchagua. Siku moja upepo ukashuka milimani, ukapindua mtumbwi, na baba akazama bila kupata maji ya padri, ingawa maji mengine aliyapata ya kumtosha.

Nilikuwa mdogo, hata sura yake siikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni padri wetu, Mzungu wa ndevu ndefu, akiingia matangani na kumwambia mama kwamba sisi tuliobaki bado tuna nafasi. Alisema kwa uso wa mtu anayeleta habari njema. "Na bwana yangu?" mama akauliza. Padri akatazama miguu yake. Akasema mlango ulikuwa wazi siku zote, marehemu ndiye aliyekawia. Kisha akakubali kuongezewa samaki.

Kaka yangu alikuwa ameketi karibu na mafiga, amesikia yote. Yeye alikuwa na umri wa kuelewa. Tangu siku ile akawa mtu wa kuuliza maswali, na mtu wa maswali, katika Uvira ya wakati ule, alikuwa kama mtu wa upele: wanampenda, lakini hawamkaribii sana.

Ndipo ukaja uhuru, na kabla ya uhuru zikaja kura. Wee! Sijawahi kuona watu wazima wakifurahi vile. Wanaume walivaa mashati ya Pasaka wakaenda kuulizwa wanataka nini. Hakuna aliyekuwa amewauliza hivyo tangu wazaliwe, na wengine walirudi wanalia. Wanawake hawakuulizwa. Mama alibaki nyumbani anatwanga muhogo, akasema kwamba yeye uhuru ataupokea kama anavyopokea mvua, akiwa nje ataloa.

Aliyelewa kura kuliko wote alikuwa mwalimu wetu. Tulisoma kwenye shule ndogo ya kapela, lile kanisa dogo la padri, wavulana upande mmoja, wasichana upande mwingine, na kaka yangu nyuma kabisa pamoja na wenzake ambao ndevu zilikuwa zimeanza kuota. Mwalimu alikuwa kijana, mwenye nywele zilizopakwa mafuta mpaka nzi wanateleza. Alituambia sasa tuko watu huru, na watu huru wanapiga kura. Tukapiga kura kati ya hesabu na nyimbo. Nyimbo zikashinda. Tukapiga kura kama tufagie vyoo. Vyoo vikashindwa, vikakaa hivyo siku kadhaa, mpaka mwalimu mwenyewe akaanza kupita mbali. Akatueleza kwamba kura si ya mambo madogo kama vyoo, kura ni ya mambo makubwa.

Kaka akanyoosha kidole.

"Mwalimu, tupige kura juu ya Mungu. Kama ni haki kuumba muntu bila kumuuliza, na moto uko unamungojea."

Mwalimu alipaswa kumfukuza palepale. Lakini kaka alikuwa ametaja kitu kikubwa, na mwalimu alikuwa amekwisha kusema. Akaandika swali kwenye tablo kwa mwandiko mzuri, akasema kila upande utapewa nafasi.

Msichana mmoja akasema yeye anafurahi kuzaliwa kwa sababu miwa iko. Tukapiga makofi. Kaka akasimama. "Muntu akikuita kwenye karamu, unaweza kukataa. Minye niliamuka niko ndani ya karamu, mulango umefungwa, na wananiambia nikikosea kula nitatupwa ku moto. Nani aliniuliza?"

Kijana mmoja, mtoto wa mtu wa kwaya, akadakia, "Angekuuliza wapi, weye haujakuwako?"

"Basi angeniacha palepale," kaka akajibu. "Palepale hapakuwa moto."

Mimi nilijua anamsemea nani. Wenzake walicheka, lakini yeye akaketi haraka. Alikuwa akimtetea baba. Miaka yote ile alikuwa akitafuta korti ya kumpelekea baba kesi yake, na korti aliyoipata ni sisi, watoto wenye kamasi.

Tukapiga kura, na Mungu akashindwa.

Hakushindwa vibaya, lakini alishindwa. Mwalimu akatazama paa. Akafuta tablo kwa mkono wa shati, akatuambia tuimbe, tukaimba wimbo wa Bikira Maria kwa nguvu zote, kama watu wanaotaka kufunika kitu. Haikusaidia. Kabla ya ugali wa mchana mji wote ulikuwa na habari kwamba watoto wa kapela wamemwangusha Mungu. Watu wakaacha kupita karibu na shule mawingu yakijikusanya, na mama mmoja jirani alimtoa mwanawe darasani akisema atamrudisha radi ikishapita.

Radi haikuja. Alikuja padri, juu ya pikipiki yake.

Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na ile fimbo yake ya kuulizia katekisimu, akasema kura ya kwanza ilikuwa na makosa, tuirudie. "Wanaosema Mungu ni mwenye haki, mikono juu." Ee Mungu wangu, mikono ilivyopanda! Wengine waliinua miwili. Mtoto wa kwaya aliinua wake na wa jirani yake. Mwalimu naye aliinua, chaki ikiwa bado vidoleni. Baadaye maishani nimeona chaguzi nyingi za mikono ya namna ile, na marais walioshangilia ushindi wao, na kila mara nasema moyoni kwamba padri wetu ndiye aliyewatangulia.

Mkono mmoja tu ulibaki chini.

"Na weye?" padri akauliza.

"Padri, baba yangu iko wapi?"

Padri akamweleza, kwa upole lazima niseme, kwamba sisi ni udongo na Mungu ni mfinyanzi, na udongo haumuulizi mfinyanzi kwa nini ameufinyanga hivi.

"Chungu kikichomwa hakisikii maumivu," kaka akasema.

Padri akawa mwekundu hadi shingoni. Mwalimu akafukuzwa kazi siku ileile, akachukua godoro lake akashuka bonde la Ruzizi, upande wa Lubarika, na hatukumsikia tena kwa muda mrefu. Kaka akaambiwa asikanyage shule wala asipewe sakramenti mpaka siku atakayokuja mwenyewe kuinua mkono.

Mama alihangaika! Alimbembeleza asubuhi, akamtukana mchana, akambembeleza tena jioni. "Mukono tu, mwanangu! Nani anajua kilicho mu roho yako?"

"Mungu anajua. Si ndivyo munasema?"

"Mungu anajua, padri hajui. Na masomo ni ya padri!"

Tukacheka mpaka mama naye akacheka, akifuta machozi kwa kitenge. Lakini kaka hakuinua. Alichukua nyavu za baba, akaingia ziwani, na shule akaisahau. Mtu mkaidi namna ile sijamwona tena, na nimeishi na wanaume wawili.

Kisha uasi ukaja. Ulipanda kutoka bondeni, na padri akavuka ziwa kwenda ng'ambo bila kupigia jambo lile kura. Waasi waliingia Uvira wakiwa na majani vichwani na mganga wao mbele. Mganga alikuwa na maji ya dawa. Ukimwagiwa, risasi inageuka tone la mvua, lakini kwa masharti: usishike mwanamke, usiibe, usigeuke nyuma, usile kilichopikwa na nani sijui. Masharti yalikuwa mengi kuliko amri za padri. Na ukipigwa risasi ukafa, basi ni kosa lako, ulivunja sharti. Nilisikiliza haya nikasema, aa, dini hii tunaijua.

Siku ya pili wakatuita sote kwenye uwanja wa mpira, wanaume mbele, wanawake nyuma. Makarani wawili wa serikali, wa ofisi ya teritwari, walikuwa wamepelekwa nyuma ya ghala la pamba siku iliyotangulia. Tulisikia milio, na viatu vyao sasa vilikuwa miguuni mwa watu wengine. Komanda wao akapanda juu ya pipa ili aseme. Mafuta ya nywele yalikuwa yamekwisha, amefuga ndevu, lakini nilimjua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa mwalimu wetu.

Akasema sasa tuko huru kwa kweli, si kama ule uhuru wa kwanza. Akasema yeye si Mbelgiji wala padri, hamlazimishi mtu. "Hapa iko demokrasia! Tunauliza kila muntu. Vijana wanaotaka kupigana kwa ajili ya wananchi, mikono juu. Wasiotaka, wapite kule, ku ghala."

Aliuliza, jamani. Lazima nimpe haki yake, aliuliza vizuri kabisa.

Mikono ikapanda. Mtoto wa kwaya aliinua wake kabla swali halijaisha. Nikamtafuta kaka kwa macho, nikamwona, mrefu kuliko wenzake, ananuka samaki bila shaka, mikono yote miwili chini. Komanda naye alimwona. Walitazamana, na sitasahau uso wa yule mwalimu, alikuwa anaomba. Midomo yake ilitikisika kama wakati alipokuwa akitunong'onezea jibu mbele ya inspekteri. Alitaka kaka ainue mkono. Lakini watu wenye bunduki walikuwa wanamtazama yeye pia, na hangeweza kurudi nyuma.

Kaka akaanza kutembea kuelekea ghala. Alitembea taratibu, kama mtu aliyeulizwa kitu kwa mara ya kwanza maishani na amekwisha kupata jibu.

Mama alitoka nyuma kama mshale. Sijui aliwapitaje wale wanaume. Alimkamata kaka kifundo cha mkono, akauinua juu ya kichwa chake kwa nguvu zote, yeye mfupi, yuko juu ya vidole vya miguu, na akapiga kelele, "Huyu anataka! Muandike! Anataka!"

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, hata wenye bunduki. Mganga akalalamika kwamba kijana ameshikwa na mwanamke kwa hiyo atamwagiwa dawa mara mbili. Komanda akasema haraka, "Sawa, huyu amekubali," na akafuta jasho.

Kaka akamgeukia. "Mama, sikutaka."

"Najua."

"Haukuniuliza."

"Hata siku ya kukuzaa sikukuuliza," mama akasema. "Enda. Ufike mbali, utoroke, urudi kwangu."

Akaondoka nao jioni ile, amelowa dawa mara mbili, shati lote limemgandamia mgongoni. Hakugeuka nyuma, maana ni sharti.

Jeshi la serikali liliporudi tulikimbilia milimani, Bijombo, kwa wafugaji waliotupokea kwa maziwa na zaburi. Huko ndiko mtoto wa kwaya alikotukuta, mguu umevimba, peke yake. Alisema walipigana bondeni. Alisema kaka alianguka mapema, na kwamba mganga aliwaeleza ni kwa sababu ya kushikwa na mwanamke.

Mama hakulia mbele yake. Alimpa maziwa, akamwosha mguu.

Mimi ndiye niliyepasuka. Nilitoka nje ya ule ua wa ng'ombe nikamtukana Mungu kwa lugha zote nilizozijua, na mtoto wa ziwa anajua kadhaa. Nikasema, unatuumba bila kutuuliza, unatuwekea moto mbele na bunduki nyuma, kisha unataka tukuimbie! Nikasema kaka alikuwa na haki, darasa zima lilikuwa na haki, wewe ulishindwa na unajua ulishindwa. Wafugaji walitoka mmoja mmoja, wakasimama mbali na kofia zao mkononi. Mmoja akaanza kuniombea kwa sauti.

Mama akaja. Nilidhani atanipiga. Alikaa chini kwenye majani, akanivuta kando yake, na kwa muda mrefu akawa anakitazama kiganja chake cha kulia, kile alichomshikia.

"Usimusute Mungu mbele yangu, mwanangu," akasema. "Minye na yeye tuko na kesi moja, sote hatukumuuliza kaka yako. Mukimufunga, minye nitaenda wapi?"