Matanga ya Kazi ya Wasfi

Wasfi aliuza mapazia katika duka moja la mjini Irbid kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Siku mtoto wa tajiri alipokabidhiwa duka, alimletea vazi la simba lenye mkia, akamtaka alivae, asimame barabarani akate kiuno ili wateja waingie. Wasfi aliutazama ule mkia. Akaivua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake, akaiweka mezani, akaenda zake nyumbani.

"Heshima umeilinda," alisema mkewe, Ibtisam. "Haya, sasa ipike tule."

Kesho yake alikwenda ofisi ya mafao kujiandikisha kuwa hana kazi. Karani alikuwa binti mwenye mafua.

"Kazi uliiacha kwa nini, baba?"

"Simba."

"Kampuni ya Simba?"

"Simba mnyama. Walitaka niwe yeye."

Binti akapenga kamasi, akatafuta kwenye kompyuta. "Simba hayumo humu. Kuna ugonjwa, kuhama, kutoelewana..."

"Weka kutoelewana."

"Na nani?"

"Na simba, binti yangu!"

Akaambiwa fao litaingia benki mwezi ujao, tena halitafika mshahara wake wa zamani.

Ibtisam akajifunga kibwebwe. Nyama ikawa ya Ijumaa peke yake, hita ikawa haiwashwi mpaka magharibi, kahawa ya iliki ikafungiwa kabatini. Mambo yangekwenda, lau si jamaa. Habari zilipoenea, walianza kumiminika kumpa pole Wasfi kana kwamba amefiwa. Waliegemea mito, wakanywa kahawa, wakanywa chai, wakala na kunafa, kile kitamutamu cha jibini, ambayo Wasfi aliinunua kwa kuona haya tu. Na kila mmoja alikuja na ushauri wake.

"Uza gari," alisema binamu yake.

"Sina gari."

"Ahaa! Basi tatizo lako ndilo hilo."

Wiki ya pili sukari ikaisha. "Baba Muthanna," alisema Ibtisam, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "kukaa bure kumekuwa ghali kuliko kwenda kazini. Kuanzia leo, kila anayeingia mkope. Uone kama atarudi."

Wasfi aliona aibu mpaka masikio yakamwiva, lakini alikopa. Binamu akakumbuka kwamba jino linamuuma. Shemeji akapokea simu ambayo haikuwa imelia. Siku tatu baadaye hapakuwa na mtu wa kubisha hodi, na Ibtisam akawa anadeki huku akiimba.

Ndipo akaja Ami Dhiyab, mzee ambaye ukoo mzima ulisema akikupa salamu hudai chenji. Wasfi hakusubiri hata akae.

"Ami, nikopeshe dinari mia mbili."

Mzee alimtazama usoni.

"Tangu mke wangu afe," alisema, "hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniomba kitu. Mnaniita bahili, mnapita mlangoni kwangu mbio kama pana mbwa." Akaingiza mkono kifuani, akatoa bahasha. "Mia mbili zitakufikisha wapi? Chukua tatu."

"Ami, mimi kwa kweli nilikuwa na..."

Nyuma ya mlango Ibtisam akakohoa kikohozi cha kumwamsha maiti.

"Alikuwa na haya, Ami," akaingia akisema. "Kaa ule."

Palikuwa na supu ya dengu tu. Mzee alikula sahani mbili, na tangu hapo akawa haji mikono mitupu. Kahawa yake huja nayo mfukoni.

Fao lilichelewa, na lilipoingia walianza na deni la Ami Dhiyab. Fao lilipokoma, Wasfi alitoa cherehani ya mkewe uvunguni, akaanza kushona mapazia sebuleni. Wateja wa kwanza waliletwa na Ami Dhiyab, aliyezunguka mtaa mzima akijitangaza kuwa mwenye mtaji. Siku hizi huketi karibu na mlango, na mteja akiomba kupunguziwa bei, ni yeye anayejibu.

"Hapana," husema, "lakini kahawa ipo."