Waya wa Shaba Chini ya Nyasi za Mjomba Idi

Hapana. Mjomba Idi hakuwa mwizi wa shaba, na wewe uliyesema hivyo jana kwenye kibanda changu, ukingoja nikubadilishie kioo cha simu, shukuru nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu na kazi ya mtu mbele yangu. Ulitoa kipande cha waya mfukoni, ukaniuliza kama nanunua. Kisha ukacheka: "Au wewe wataka ile ya mjombako, iliyompeleka mtoto wa watu kaburini?"

Niliunusa ule waya. Shaba iliyolala ardhini ina harufu yake, kama sarafu ya zamani ukiitia mdomoni, na nyuma yake udongo mbichi. Mara nikawa na miaka tisa. Basi kaa, na nyinyi wengine pia kaeni, leo nasema.

Mjomba Idi ni kakake mamangu. Ndiye aliyetulea Majengo, nyumba ya udongo, vyumba vinne na kuku watatu waliokula vizuri na kutotaga kabisa. Kabla sijazaliwa alifanya kazi ng'ambo ya feri, kwenye kiwanja cha jeshi kilichokuwa na milingoti ya chuma iliyopangwa duara. Duara kubwa, ukilizunguka kwa miguu jasho lakutoka, na katikati kijumba kisichokuwa na dirisha. Haikuwa ya kutangaza. Kazi ya milingoti ilikuwa kusikiliza watu wanaozungumza redioni, na kujua wako upande gani.

Nilimuuliza, milingoti yajuaje? Akajaza maji kwenye karai, akaelesha vipande vya karatasi pembeni, duara. Akadondosha punje ya choroko karibu na ukingo.

"Kipi kimecheza mwanzo?"

"Hiki."

"Basi punje imeanguka upande huu. Na sauti ni vivyo hivyo, mama. Yafika mlingoti mmoja kabla ya mwengine." Umbali wa mtu hawakuujua, huo walingoja duara jengine, nchi nyengine, liseme lake, na pale mistari miwili inapokatana ndipo mtu alipo. Mimi niliona huo ni uchawi wa halali. Nazitengeneza redio hizi leo, sikusoma popote, nilianza kwenye lile karai.

Na yeye mjomba, kazi yake ilikuwa nini? Kufyeka nyasi. Chini ya zile nyasi ulitandazwa waya wa shaba, kutoka kijumbani kwenda nje kila upande kama spoki za baiskeli, kwa hivyo jembe lilikuwa marufuku, na nyasi zikirefuka milingoti yasikia vibaya. Miaka kumi na tisa alifyeka kwa mkono, ameinama. Pia alikaza nyaya za kushikilia, zile zinazoshuka kutoka juu ya mlingoti hadi kwenye mawe ya saruji. "Mlingoti haujisimamii," aliniambia. "Nyaya hizi ndizo miguu yake. Usizisogelee hata kwa mchezo." Halafu jeshi likafunga, likaondoka, na chuma kikabaki kinaliwa na kutu.

Siku moja tumetoka chuo cha Kurani, juzuu zetu mkononi, Rukia wa nyumba ya pili akaanza. Nilikuwa najisifu kwa kazi ya mjomba, nakubali.

"Mjombako alikuwa mfyeka nyasi," akasema. "Hata mbuzi wangeajiriwa kazi hiyo!"

Wenzake wakacheka mpaka wakashika ukuta. Mimi damu ilinipanda. Nikaokota kaa, nikachora kwenye ukuta wa nyumba yetu, kando ya mlango: duara, milingoti, kijumba, na ule waya wa chini, mstari kwa mstari.

Faki alikuwa hapo, ameegemea mkokoteni wake wa vyuma chakavu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa pekee wa Bi Zena, jirani yetu. Ndiye aliyenishonea kandambili yangu kwa waya ilipokatika. "Mwacheni mtoto aeleze," aliwaambia, na kwa neno hilo ningempa chochote.

"Na huo waya, Mwanaisha, ni shaba tupu ama umevishwa mpira?"

"Shaba tupu! Nene kama kidole changu hiki."

"Wajuaje?"

"Mjomba Idi kanambia mwenyewe."

Nilichora kila kitu isipokuwa nyaya za kushikilia. Zilikuwa zaniharibia duara langu.

Siku ya tatu Faki na rafikiye Kibwana walivuka feri na majembe. Waliupata waya, wakaufuata, ukawafikisha kwenye jiwe la saruji. Kibwana akachimba kulizunguka, akidhani shaba imepita chini yake. Jiwe likang'oka, na waya wa kushikilia ukalegea. Mlingoti ukaangukia upande wa pili, na upande wa pili alikuwa Faki, amechutama akikunja waya.

Alirudishwa mtaani juu ya mkokoteni wake mwenyewe. Bi Zena alivua leso yake mabegani akamfunika, akabaki kichwa wazi mbele ya wanaume wote.

Jioni hiyo watu walijaa mlangoni kwetu. Kibwana akasema, "Faki alinambia habari zimetoka kwa Mzee Idi."

Mjomba alimtazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha macho yake yakaenda ukutani. Aliitazama ile picha yangu, akaizunguka yote kwa macho, nikaona alipogundua kilichokosekana. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, vidole vyangu bado vina weusi. Akaegemea ukuta, mgongo wake ukaificha picha.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Na zile nyaya za kushikilia?" mzee mmoja akamuuliza. "Weye ndiye uliyezikaza miaka yote. Hukumwonya?"

"Nilisahau."

Bi Zena akapenya mbele. "Idi, sisi tumekula sahani moja."

"Nisamehe, dadangu."

"Mungu akusamehe. Mimi siwezi."

Askari walimweka ndani wiki mbili. Aliporudi aliniita uani, akanishika mkono. "Usimwambie mtu, mama. Una miaka mingi ya kuishi mtaa huu." Basi. Hakunigombeza, wala hakulitaja tena. Mimi nilifurahi! Nilidhani ameniokoa na bakora ya mamangu, na usiku ule nililala vizuri. Hilo ndilo linalonichoma zaidi kuliko lote.

Sikujua kipigo chenyewe kilikuwa kipi. Mjomba akiingia barazani, mazungumzo yanakatika. Akitoa salamu, inajibiwa kwa sababu ni wajibu, macho yako kwingine. Msikitini akisimama safu hii, wa kando yake anapata udhuru wa kusogea. Miaka sita hivyo. Alipokufa, jeneza lilichukuliwa na watu wachache hata hapakuwa na wa kuwapokea. Walewale walilibeba kutoka mlangoni hadi makaburini, wakitweta. Mimi salamu zangu nilizipata zote, na kila harusi nilialikwa. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba zilikuwa zake.

Mimi nisiyeweza kufunga mdomo, hilo moja nimelifunga miaka kumi na tano. Nikitukanwa mimi, nitapigana. Akitukanwa yeye, napigana pia, lakini napigana kwa uongo, kwa sababu ukweli nimeukalia.

Na Bi Zena yu hai. Macho yake hayaoni tena, redio ndiyo imebaki rafiki yake, na ikikwama huja kibandani akipapasa kuta. Hunipapasa na mimi kichwani. "Weye mtoto mwema, Mwanaisha," huniambia. "Hukumfuata mjombako." Nami humwambia, "Ahsante, Bi Zena," namtengenezea redio, sichukui kitu.

Nikimwambia, mjomba atarudishiwa jina lake, na yule mama atagundua kuwa mkono anaoushika kila wiki ndio uliochora. Nisipomwambia, nanyi mkafunga midomo, atakwenda kaburini akimlaani mtu asiye na kosa. Juma hili ataleta redio tena. Ungekuwa wewe, ungemwambia?