Kopo Lisilolala kwa Mke Mwenza

Nakumbuka asubuhi ile niliyofungua kopo la dawa la baba yako nikakuta bandeji imeviringwa na mkono usio wangu. Mimi bandeji naiviringa kwa ulegevu, ikitaka kufunguka inafunguka. Hiyo ilikuwa imekazwa, imenyooka, ncha yake imechomekwa pini kama ushungi wa kwendea harusini. Nikaisogeza puani. Inanukia udi. Mwanangu, udi ule naujua, na nyumba inayofukizwa udi ule naijua.

Keti unisikilize. Jana umekuja hapa umevimba mashavu. Mkeo kakupangia vifaa vya huduma ya kwanza vya kubeba kwenye bodaboda yako, mama yako Zainabu kavipekua, kavitoa nusu, kaweka vyake, mkeo kanuna, na wewe ili wote wanyamaze umeamua kuingia barabarani bila chochote. "Mama mkubwa, bora amani," ukaniambia. Jana sikukujibu kwa kuwa nilikuwa na hasira. Leo nitasema, na mama yako akitaka kusikia aje asikie, mimi na yeye hatujaanza leo.

Wakati huo pikipiki ndiyo kwanza zinaanza kujaa Mafia, na baba yako akanunua yake ya kubebea abiria. Mimi nilikuwa mke wa kwanza, hapa hapa Kilindoni, dada yako Salma yuko mgongoni, mimi bado mbichi, damu inachemka. Zainabu alikuwa bibi harusi wa Kirongwe. Zamu zetu zilikwenda sawasawa kama dini inavyotaka, siku zangu na siku zake, na baba yako alizifuata bila kumdhulumu mtu. Lakini moyo hauna zamu. Siku zake zikifika nilikuwa nafagia uwanja mpaka jirani ananiuliza kama nimepoteza kitu.

Kopo lile nililianzisha mimi. Hilo naomba lijulikane. Abiria mmoja, mama wa watu, aliungua mguu kwenye bomba la moshi, baba yako hakuwa hata na maji ya kummwagia, akarudi nyumbani kanyong'onyea. Nikatafuta kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, nikamuuliza muuguzi jirani yetu, nikaenda duka la dawa. Bandeji nikaweka, na vitambaa vya shashi vya kufunikia kidonda, glavu, plasta, mkasi, maji safi ya chupa, na kanga yangu moja ya kumfungia mtu mkono ukivunjika. Nikalifunga nyuma kwenye keria kwa mpira. Kijiwe kizima kikasema, Haji ana mke! Siku hiyo nilikwenda sokoni sikanyagi chini.

Basi asubuhi ile katoka zamu kwa mwenzangu, nikafungua nimwongezee plasta, nikakuta bandeji ya udi. Na kanga yangu haimo! Mahali pake pana kanga nyingine, mpya, hata maji haijaonja.

"Baba Salma, hii nini?"

"Kanga."

"Naiona kanga. Yangu iko wapi?"

Akajikuna shingo. "Mwenzako kaona imechakaa."

Imechakaa! Mtu kavunjika mkono, yuko chini anagugumia, ataangalia kanga kama imechakaa? Nililia siku ile, mwanangu, nikaichukua ile kanga mpya nikafutia masizi ya sufuria. Halafu nikamwambia baba yako maneno ambayo Mungu ananisikia: kuanzia leo kopo langu halilali kwa mke mwenza. Litatoka kwangu na litarudi kwangu. Siku ya kwenda kwake utaliacha hapa juu ya kabati.

Zainabu naye si mtu wa kushindwa, unamjua. Akatengeneza la kwake, tena si kopo. Shemeji yake alikuwa anafanya kazi kwenye hoteli moja ya watalii wa kuzamia baharini kule Utende, akampatia begi la rangi ya machungwa lisiloingia maji, lina mifuko mifuko, kila kitu na mahali pake. Lilikuwa zuri kuliko langu. Hata kulisema sasa hivi roho inaniuma. Abiria wakija Kilindoni wananisimulia: "Bi Mkubwa, mwenzio ana begi, loo!" Natabasamu, nikiingia ndani nashindwa kula.

Niliposikia begi limejaa shashi, nzito nzito za kigeni, nikazitoa shashi zote koponi kwangu, asije akasema namuiga. Nikajaza bandeji. Naye, kumbe, aliposikia sifa yangu ni bandeji, akazitoa zake, akabaki na shashi. Na sharti akatoa lile lile langu: begi lake halivuki kuja Kilindoni. Basi ikawa ndiyo taratibu. Siku ya kubadili zamu baba yako anaacha kopo kabatini kwangu, anapanda pikipiki, akifika Kirongwe ndipo anafungiwa begi. Akirudi huku, hivyo hivyo. Alikubali yote. Alikuwa anapenda amani, kama wewe.

Siku yenyewe ilikuwa ya kubadili zamu, baada ya swala ya alasiri. Alikuwa anatoka kwangu. Mbele ya Baleni ng'ombe akachomoka minazini ghafla, baba yako akamkwepa, pikipiki ikateleza mchangani ikamlalia. Goti likapinda vibaya, na mkono wa breki ukavunjika ukamchana paja. Juu ya mnazi alikuwepo mkwezi anaangua nazi, akaona yote. Akateremka mbio, akavua shati, akakandamiza pale penye damu.

"Bodaboda mzima wewe," akamuuliza, "huna hata bandeji?"

Baba yako akamjibu, "Ninavyo vifaa. Vingine viko Kilindoni, vingine Kirongwe."

Mkwezi akadhani kaumia kichwa.

Simu zikapigwa, kwangu na kwa mwenzangu. Nikakodi pikipiki, kopo kifuani, njia nzima namsomea baba yako kila dua niliyofundishwa. Nafika, namkuta Zainabu keshafika, kapiga magoti mchangani, begi la machungwa liko wazi. Mwanangu, damu imetapakaa vile, mume wangu midomo imekuwa kama majivu, na kitu cha kwanza kilichonichoma ni kwamba kanitangulia. Nakwambia ukweli wa Mungu. Kabla ya hofu, kabla ya huruma, wivu ndio uliofika.

"Dada, bandeji!" akanipigia kelele.

Alikuwa kaweka shashi juu ya shashi, zote zinalowa, na hana kitu cha kuzibana. Mimi nimesimama nimelikumbatia kopo. Sikusema namnyima, la, ila mikono iligoma kufungua mbele yake. Mkwezi ndiye aliyenipokonya kopo akazungusha mfuniko. Bandeji zikamwagika tele, shashi hata moja. Zainabu akaziangalia zile bandeji, akaniangalia mimi, na nikajua kaelewa, na nilimchukia kwa kuelewa kwake.

Tukafunga. Yeye kakandamiza kwa viganja vyote viwili, mimi nazungusha bandeji, nikifika kwenye vidole vyake anavichomoa kimoja kimoja. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Gari la kubebea nazi likatuchukua kutupeleka hospitali, nami humo ndani nikawahi kichwa, nikakipakata, nikaona nimepata pazuri. Yeye kabaki kwenye paja anakandamiza juu ya bandeji. Hatujafika mbali nikaanza kumwonea wivu upya, maana uhai wa mume wangu ulikuwa chini ya mikono yake, na mimi nimeshika nywele.

Damu ilikuwa imepotea nyingi mno. Akalala pale kitandani hatujui kama atafungua macho. Sisi tuko nje kwenye benchi, na unadhani tulikuwa tunaomba Mungu? Tulikuwa tunagombana.

"Kopo langu lingekuwepo angefungwa pale pale," nikasema.

"Nani alilikataza lisitoke?" akanijibu. "Si wewe?"

"Na begi lako je?"

Bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa amekaa pembeni ana tasbihi. Hakuwahi kunipandishia sauti tangu nilipoolewa. Siku ile pia hakuipandisha.

"Hebu niambieni," akasema. "Haji akiwa Kilindoni, anatembea na dawa?"

"Anatembea nayo, mama," nikasema.

"Akiwa Kirongwe?"

"Anatembea nayo," Zainabu akasema.

"Na akitoka kwa huyu kwenda kwa huyu?"

Wallahi hatujawahi kuliwaza hilo, hata mmoja wetu. Njia aliyoipita kuliko zote, njia ya kuja kwetu, ndiyo tuliyomwacha mtupu.

"Basi msiniambie mnampenda," bibi yako akasema. "Mnashindana ninyi kwa ninyi kwa chuki, mtoto wangu yuko katikati. Wivu wenu kaeni nao, mimi pia niliolewa uke wenza, siwezi kumwambia mwanamke aache kuona wivu. Lakini mtautafutia kitu kingine cha kuchezea. Dawa ya mtu, hapana." Akarudi kwenye tasbihi yake, hakutuangalia tena mpaka magharibi.

Baba yako alifungua macho, alhamdulillah. Goti ndilo halikurudi, halikunjiki mpaka leo, na pikipiki hakupanda tena. Yuko pale barazani ananisikia, anajifanya hasikii. Kwa kuwa hawezi kwenda huku na huku, bibi yako akaamua Zainabu ahamie kwangu mpaka mgonjwa atembee. Mgonjwa akatembea, Zainabu hakuondoka. Wewe ulizaliwa chumba kile cha uani, mimi ndiye niliyekupokea mkononi, halafu jina akakuchagulia yeye! Nilinuna mpaka arobaini yako.

Sasa usifikiri tumekuwa watu wa kushikana mikono. Juzi baba yako kamcheka mama yako kwa kitu ambacho sikukisikia, na mimi nikaunguza wali. Mtu akikwambia uzee unaondoa wivu, mwambie aje aniulize. Nilichofanya ni kimoja tu, nimeutoa kwenye dawa.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Vifaa vile si vya mama yako, si vya mkeo, wala si vyako. Ni vya pikipiki. Vifunge kwenye keria kwa mpira mzuri na visishuke, ukilala nyumba hii au ile, ukikosana na mtu au ukipatana naye. Abiria akiungua na bomba la moshi mmwagie maji safi, mengi, mpaka palipoungua papoe, usimpake dawa ya meno wala mafuta ya taa hata wazee wa kijiweni wakikwambia. Damu ikitoka kwa nguvu vaa glavu, kandamiza kwa shashi, ikilowa ongeza nyingine juu yake, ya kwanza usiibandue, kisha funga na bandeji umkimbize hospitali. Ukiona shashi ipo na bandeji haipo, hujabeba kitu. Ukitumia, rudishia vingine kesho yake, usingoje siku utakayobahatika pesa.

Na mkeo ndiye atakayepanga. Mama yako ataumia. Acha aumie, ana mimi wa kugombana naye, hatakosa kazi. Usiingie barabarani mtupu kwa sababu unaogopa wanawake kununa. Wanawake wakinuna, watanyamaza baadaye. Baba yako alitutuliza sote, akamwaga damu mbele ya Baleni akimtegemea mtu wa juu ya mnazi.

Nikwambie na hili, uende nalo. Mimi mwenyewe wiki iliyopita nilikununulia bandeji, nikaviringa vizuri, nikakuwekea. Ulipokuja jana ukasema mkeo keshakutengenezea, unajua nilihisi nini? Nikaona, huyu naye kanitangulia. Ndiyo maana sikukujibu. Usiku nikazifungua zote, nikaziacha bila kuviringwa, ili mkono utakaoziviringa uwe wake. Alasiri nitakwenda kwenu mwenyewe, nimpe mkeo mkononi, nimwambie azipange atakavyo yeye, na akiona hazifai azitupe. Nikirudi nitalia kidogo, hayo hayakuhusu.

Mwenyezi Mungu akukinge na ng'ombe wa minazini, na mchanga wa barabarani, na mwendo wa kijinga. Akupe mikono myepesi siku utakapomkuta mwenzio chini. Akufikishe salama, mwanangu, na akurudishe salama, nyumba yoyote utakayorudi.