Mfereji Niliouchora

Mimi ni fundi wa mabomba hapa mtaani Huruma, na hakuna kitu ninachojivunia kama mfereji usiodondosha. Nikiufunga mimi, umefungwa. Wanaume walionicheka nilipoanza kazi hii, spana mkononi na leso kiunoni, leo hunipigia simu mifereji yao ikianza kuvuja. Nasema haya mapema ili ieleweke kwa nini nusura niiharibu chemchemi ya mama yangu.

Chemchemi hiyo iko nyumbani kwetu magharibi, chini ya kilima, ndani ya shamba la Mama. Kijiji kizima huchota hapo. Wakati wa kiangazi maji yake ni safi na matamu, haya yetu ya mjini hayaoni ndani. Lakini mvua ikinyesha, tope na samadi huteremka moja kwa moja hadi ndani, maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na watu wanayanywa hivyo hivyo. Mama amelazwa mara mbili kwa taifodi, mara zote mbili msimu wa mvua. Ukimwambia achemshe, anakujibu kwamba maji yaliyochemshwa yamekufa. Ni mkaidi, na watu husema nimemfuata.

Watu wa kwetu tunaoishi huku mjini, Eastlands, hukutana Jumapili baada ya kanisa, na mwaka mmoja tulikubaliana kuijenga ile chemchemi na kuifunika kabla mvua hazijaanza. Simiti ingepatikana, mikono pia. Kilichobaki kilikuwa mchoro, ambao nilijitolea kuuchora mimi kwa kelele nyingi, na ruhusa ya Mama, ambayo hakuna aliyethubutu kwenda kuiomba.

Basi nikamwita Mama aje akae nami wiki mbili. Jioni ya kwanza, kabla hata hajamaliza chai, nikamtandazia mchoro mezani. Ukuta huu hapa, bomba hili hapa. Na mwisho wa bomba, kwa kalamu nyekundu, mfereji wa shaba wenye mahali pa kutia kufuli.

Mama akavaa miwani. "Hiki ni nini?"

"Mfereji, Mama. Ili maji yasipotee."

"Yanapotelea wapi? Yanaenda kwa ng'ombe, halafu kwa migomba ya jirani." Akavua miwani. "Kwangu maji hayafungwi."

Nilikasirika. Niliona ni mambo ya uzee tu, nikamweleza habari ya kuhifadhi maji taratibu, kana kwamba yeye ni mtoto wa chekechea. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kuna chai nyingine.

Sasa, katika ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, maji huja Jumanne na Ijumaa. Yakija, jengo zima hupiga kelele na ndoo hugongana kwenye ngazi. Mama aliipenda sana hiyo shangwe. Alisimama kwenye ngazi akipokea mitungi ya watu asiowajua na kuipanga foleni, na kabla wiki ya kwanza haijaisha kila mtu alikuwa anamwita Shosho, nyanya wa wote. Kilichomsumbua ni ukimya wa siku nyingine. "Nani anayafunga?" aliniuliza kila asubuhi.

Ijumaa ya pili, maji yakiwa bado hayajafika, nilibadilisha mfereji wa pamoja wa ghorofa yetu, uliokuwa umechakaa. Maji yalipokuja kwa nguvu niliufungua, nikaufunga. Hata tone. Nilikuwa bado natabasamu niliposikia ukelele kutoka ghorofa ya chini. Kiungo kikuukuu cha bomba kilikuwa kimeachia, na maji yalikuwa yanaruka kutoka ukutani hadi kwenye nguo za jirani yangu, mama mmoja muuza mitumba ambaye sauti yake haihitaji simu.

"Aki fundi! Nguo zangu zilikuwa zimekauka! Umefanya nini huko juu?"

Mama alishuka ngazi polepole, akautazama ule ukuta, akaweka mikono kiunoni. "Umeyafunga kule, yametokea huku," akasema. "Na haya yamo ndani ya chuma. Sasa kile kilima utakishika na nini?"

Nilikuwa nimeshuka kukishika kile kiungo, nimelowa hadi kwenye viatu, na nikaelewa. Nilipomaliza kuziba, nilimpigia simu fundi mmoja wa nyumbani aliyewahi kujenga chemchemi kadhaa. Alicheka hadi akakohoa. Chemchemi haiwekwi mfereji, akaniambia. Ukiizuia, maji yanarudi nyuma kutafuta njia nyingine, na asubuhi moja utakuta bomba ni kavu na chemchemi imehamia kwa jirani. Miaka yote hiyo ya ufundi, na mama yangu ambaye hajawahi kushika spana alikuwa anajua! Niliona aibu, kisha nami nikaanza kucheka. Nikachora upya, bila kalamu nyekundu.

Mama akaweka kidole kwenye mdomo wa bomba, mahali palipoachwa wazi. "Hapo sawa," akasema. "Tunaanza lini?"

Tulisafiri nyumbani tukajenga kwa wiki moja. Wanaume walipanga mawe pale maji yanapochimbuka, nasi wanawake tukaukanyaga udongo wa mfinyanzi juu yake huku tukiimba, Mama mbele, sketi imepandishwa hadi magotini. Ukuta ukasimama, ua ukazuia ng'ombe, bomba likaanza kumwaga. Watu wakapiga vigelegele. Mama akanywa kikombe kimoja, akafuta mdomo. "Ni yale yale," akasema. "Lakini sasa ni kiangazi. Msijisifu mapema. Ngojeni mvua."

Nikarudi Huruma na wasiwasi wangu. Mvua zilipoanza, kila simu ilinishtua, nikidhani naambiwa Mama amelazwa tena. Ilinyesha siku tatu mfululizo huko nyumbani. Ijumaa asubuhi tulikuwa tumepanga mitungi kwenye ngazi, maji bado hayajafika, Mama akapiga. Nikaweka spika maana mikono yangu ilikuwa na grisi.

"Niko kwa chemchemi," akasema, na mvua ilisikika ikipiga mwavuli wake. "Kilima chote ni tope. Nimekinga maji kwa glasi, ile ya wageni. Naona vidole vyangu upande wa pili."

"Umekunywa?"

"Glasi mbili. Na sijachemsha."

Nilikuwa nalia kwa furaha mbele ya watu wote na mitungi yao. Mama, aliposikia nalia, akaisogeza simu kwenye bomba, na sauti ya yale maji ikajaa ngazi yetu nzima, yakimwagika bila kukoma. Watu wakaisogelea simu. Jirani yangu wa mitumba akashika kichwa.

"Shosho!" akapiga kelele kwenye simu yangu. "Funga hiyo mfereji, maji inaisha!"

Mama aliangua kicheko huko chini ya mwavuli.

"Mwambie hakuna mfereji," akasema. "Mwambie fundi wangu alisahau kuuweka."